Hodi Isiyo na Mgeni

Wiki hii nitawarudisha kwetu Tabora, na kutoka Tabora nitawapeleka mbali kidogo, hadi Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Nawaomba mnivumilie, maana safari yenyewe ni ya kwenda na kurudi.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani. Asubuhi moja, stendi ya mabasi, nikamkuta bibi mmoja ameketi juu ya begi lake, mjukuu wake wa kiume amelala mapajani. Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba hata jicho limesukumwa juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mjukuu anaumwa nini?"

"Walisema jino. Likang'olewa, na mengine mawili yakalegea yenyewe. Sasa daktari kasema si jino, nimpeleke Bugando, na nisichelewe."

"Ilianza lini?"

"Mahindi yalikuwa yanachanua." Alinyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Sasa yameshakauka."

Ndugu msikilizaji, lile shavu nililijua. Nilipokuwa mdogo pale Isevya, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, niliyekuwa nikicheza naye gololi, alivimba vivyo hivyo. Wakubwa walisema ni jino, akang'olewa. Uvimbe ukazidi. Ndipo wakasema amerogwa, na mtaani alikuwapo mama mmoja mzee ambaye tangu siku hiyo watu waliacha kumsalimu. Maembe yalipoanza kuiva mwenzangu alikuwa hai; yalipokwisha alikuwa kaburini. Yule mama mzee alihama, na hakuna aliyemwomba radhi.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua kwamba ugonjwa ule una jina, una historia, na kwamba historia hiyo ilianza hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk. Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama lile. Baada ya muda si mrefu akamwona wa pili, akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa, na mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford. Walizunguka wiki 10 na maili 10,000, wakipita Tanganyika na kufika hadi Afrika Kusini, na kila hospitali waliuliza swali moja: Je, mmepata kuona mtoto wa namna hii?

Majibu waliyaandika kwenye ramani. Ugonjwa ulionekana katika nchi za joto na mvua, zisizo za juu sana. Afrika Mashariki mpaka wake ulikuwa kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda zaidi ya hapo haupo. Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi na mvua tunaipata. Kwa kipimo hicho, sisi tumo. Kwa ufupi, ilikuwa ni ramani ya mbu. Mwaka 1964 vilitokea vidokezo viwili. Kimoja kilikuwa cha Gilbert Dalldorf, aliyesema kwamba huenda malaria inahusika. Cha pili kilitoka London, ambako Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Uganda. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr hadi leo, na uvimbe wenyewe unaitwa limfoma ya Burkitt.

Hapo ndipo anapoingia mtu ninayetaka tumzungumze hasa. Jina lake ni George Klein.

Klein alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1925, katika jamii ya Kiyahudi. Mwaka 1944, akiwa kijana wa miaka 18, aliisoma kwa siri ripoti ya watu wawili waliotoroka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Aliwaonya jamaa na jirani zake, wengi hawakumwamini. Yeye mwenyewe alitoroka alipokuwa karibu kupakiwa kwenye treni. Vita vilipokwisha akahamia Stockholm, mwaka 1947, mkewe Eva, naye mwanasayansi, akamfuata, na wote wawili wakafanya kazi maisha yao yote katika Taasisi ya Karolinska. Klein alifariki dunia mwaka 2016.

Kazi ya Klein ilikuwa kuuliza swali linaloonekana dogo: seli ya saratani ina nini juu ya ngozi yake?

Ili tuelewane, niruhusuni niwapeleke kwanza Kwihara, kilometa chache kutoka mjini Tabora. Pale ipo tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872, na siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Wakati wa misafara, habari zote za bara zilipita Tabora. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili begani, na tarishi alibeba barua. Henry Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871, alikuta mfuko wa barua za Livingstone uliofungwa Zanzibar Novemba 1870. Mwenyewe alikuwa mbali, hajazipata. Barua hizo zilimfikia baada ya mwaka mzima, pale Stanley alipozibeba yeye mwenyewe. Basi mwenye nchi, mwenye msafara na mgonjwa, kila mmoja aliishi kwa habari iliyomfikia, na habari ikichelewa au ikiwa ya uongo, mambo yaliharibika.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Seli haina macho wala masikio. Inachojua ni kile kinachobisha hodi mlangoni pake. Juu ya ngozi yake imejaa milango midogo ambayo wataalamu huiita vipokezi. Kitu kikigusa kipokezi, kipokezi hicho huamsha vimeng'enya vilivyo upande wa ndani. Kimoja humpasha mwenzake, na mwenzake mwingine, hadi habari ifike kwenye kiini, ambako jeni zimehifadhiwa. Hapo seli huamua: kukua, kugawanyika, kutulia, au kufa.

Katika damu na matezi yetu zipo seli ziitwazo seli B, askari wa mwili wanaotengeneza kingamwili. Kipokezi cha seli B ni kingamwili yenyewe, iliyopachikwa kwenye ngozi ya seli kama kitasa mlangoni. Kijidudu kikifika na kugusa kitasa hicho, seli B huamka, huzaana, na vita huanza. Kijidudu kikiondoka, seli hutulia. Hodi, karibu, kwaheri. Huo ndio utaratibu.

Sasa turudi kwa Klein. Katika miaka ya 1960, mpasuaji Peter Clifford aliyekuwa Nairobi, katika hospitali ambayo sasa ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, alikuwa akiwatibu watoto wenye limfoma ya Burkitt, na vipande vya uvimbe alivituma kwa ndege hadi Stockholm. Kimoja kilikuwa cha mvulana wa miaka 16. Mwaka 1967 seli zake zilikubali kuishi ndani ya chupa na kuendelea kuzaana. Zikapewa jina la Daudi.

Mwaka 1968, Eva Klein na wenzake, Clifford akiwamo, walieleza walichokiona juu ya seli za uvimbe huo: kingamwili aina ya IgM imejipanga kwenye ngozi ya seli. Hicho ndicho kipokezi cha seli B. Maana yake ilikuwa kubwa. Uvimbe ule haukuwa wa jino, wala wa mfupa, wala haukutumwa na jirani. Ulikuwa umetoka kwa askari wa mwili wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa seli B moja iliyoasi ilikuwa imezaa jeshi zima lenye kitasa cha namna moja.

Lakini iliasi kwa nini? Mwaka 1972, mtu na mkewe kutoka Bulgaria, Georgi Manolov na Yanka Manolova, waliona kwamba kromosomu namba 14 ya seli za Burkitt ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Mwaka 1976, Lore Zech, akifanya kazi pamoja na Klein na wengine, alitambua ule urefu umetoka wapi: kipande cha kromosomu namba 8 kilikuwa kimekatika na kuunganishwa na namba 14. Klein akawa miongoni mwa walioeleza mapema kwamba kuhama kwa kipande hicho kungeweza kuweka jeni ya ukuaji mahali pasipofaa. Mwaka 1982 maabara za Marekani, zikiwamo za Carlo Croce na Philip Leder, zilithibitisha. Jeni iliyohama inaitwa MYC, na kazi yake ni kuiamuru seli ikue. Ilikuwa imehamishiwa jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, mahali ambapo katika seli B taa haizimwi. Basi amri ya kukua ikawa inatolewa usiku na mchana.

Leo wataalamu wanaona malaria ilivyoingia. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, seli zake B huchochewa bila kupumzika, zinagawanyika na kukatakata jeni zao ili kutengeneza kingamwili bora. Katika kukata huko ndipo kosa la kuunganisha kipande na kipande linapoweza kutokea, na virusi vya Epstein-Barr huisaidia seli iliyoharibika isife.

Klein aliishi kuona sura iliyofuata. Kufikia mwaka 2012 mashine za kusoma jenomu nzima zilikuwa zimepatikana, na Louis Staudt wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, mtu aliyechunguza limfoma za seli B kwa miaka mingi, alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kusoma jeni za limfoma ya Burkitt. Waligundua kwamba MYC haifanyi kazi peke yake. Kwa wagonjwa wa nchi zisizo na malaria, asilimia 70 ya uvimbe ulikuwa na kasoro katika jeni mbili, TCF3 au ID3 ambayo ni breki yake. Katika uvimbe wa watoto wa Afrika kasoro hizo zipo pia, ingawa kwa kiwango cha chini. Matokeo ya kasoro hizo ni kwamba kipokezi cha seli B huendelea kupeleka ndani habari ya "ishi, usife", ingawa nje hakuna kijidudu chochote kilichogusa kitasa. Ni hodi isiyo na mgeni. Seli inaitikia karibu, karibu, karibu, na mlangoni hakuna mtu.

Tazama basi, ndugu msikilizaji, jinsi njia ilivyozunguka. Alichokiona Eva Klein kwenye ngozi ya seli za Daudi mwaka 1968, na alichokisoma Staudt ndani ya jeni mwaka 2012, ni mlango ule ule mmoja, umetazamwa kwa nje na kwa ndani, miaka 44 katikati.

Na faida haikuishia hapo. Seli za Daudi zinaishi hadi leo katika maabara za mabara yote, zimetumika kuchunguza interferoni na kupima dawa zinazoshambulia seli B. Seli za Namalwa, mtoto mwingine wa Kiafrika mwenye maradhi hayo hayo, zilitumiwa na kampuni ya Wellcome ya Uingereza kutengeneza interferoni ya kutibu watu. Wanasayansi wengi waliojenga sifa zao juu ya limfoma ya Burkitt walianza na vipande vilivyotoka Kampala na Nairobi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sitaki kueleweka vibaya. Mtu wa Tabora anajua mzigo unaokwenda pwani na usirudi. Pembe za ndovu zilipita kwetu kwa maelfu ya mabega. Zikawa vinanda na mipira ya biliadi huko ng'ambo, na majina ya wapagazi hayakuandikwa popote. Je, seli za Daudi nazo ni pembe? Nimelifikiri jambo hili sana, na jibu langu ni kwamba inategemea kile kinachorudi. Klein na Clifford hawakuwa wezi. Walitafuta dawa, na watoto waliotibiwa Nairobi na Kampala walikuwa mbele ya macho yao. Lakini taratibu za zama zile za kumwomba mgonjwa ridhaa hazikuwa hizi za leo. Siku hizi, hapa Tanzania, sampuli ya mgonjwa haitoki nchini bila kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na mkataba maalumu wa kuisafirisha. Hilo ni jema, na tulilinde.

Jema lingine ni kwamba utafiti wenyewe umeanza kurudi nyumbani. Kati ya mwaka 2010 na 2016, Sam Mbulaiteye, mwana wa Uganda anayefanya kazi katika taasisi ile ile ya Marekani, aliongoza uchunguzi mkubwa wa ugonjwa huu Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa upande wetu uchunguzi ulifanyika Kanda ya Ziwa, kule kule ambako reli kutoka Tabora inaishia.

Lakini kitu cha kwanza kinachopaswa kurudi, kabla ya jenomu na kabla ya makala, ni dawa na habari. Tangu miaka ya 1960, Burkitt kule Kampala na Clifford kule Nairobi walionyesha kwamba uvimbe huu huyeyuka kwa dawa kama siklofosfamidi, na baadhi ya watoto walipona moja kwa moja. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, kazi yake ya mwanzo ikiwa ni limfoma hii. Katika nchi tajiri, watoto karibu tisa kati ya kumi hupona. Kwetu hatujafika hapo. Na sababu si kwamba ugonjwa wetu ni mkaidi zaidi. Sababu ni kwamba mtoto hufika amechelewa, dawa hukosekana, au wazazi huishiwa nauli na kukatiza matibabu katikati.

Kuchelewa katika ugonjwa huu si jambo la miezi. Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi kuliko zote; seli zake zaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili. Barua ya Livingstone ilichelewa mwaka mzima na mwenyewe akaikuta angali hai. Mtoto mwenye shavu lile hana mwaka. Pengine hana hata miezi miwili.

Kwa hiyo, enyi wazazi mnaonisikiliza mjini na vijijini: mtoto akivimba taya na meno yakalegea yenyewe, jicho likasukumwa nje, au tumbo likavimba upesi bila sababu, usiseme ni jino ukangoja. Usimtafute mchawi. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, na ukiambiwa nenda Bugando au Muhimbili, nenda. Akianza dawa na uvimbe ukanywea, usidhani amepona ukarudi nyumbani. Maliza dozi zote. Na wewe jirani, usipochangia matibabu, basi changia hata nauli.

Pale stendi abiria walichanga. Kondakta alimpa bibi kiti cha mbele bila nauli ya mtoto. Mimi nilichukua namba ya simu ya mkwewe, na juzi, kabla ya kuandika mazungumzo haya, nilipiga. Mtoto ameanza dawa, na shavu limeanza kushuka. Safari bado ni ndefu na dozi bado kadhaa, lakini bibi aliomba simu apewe yeye, akaniambia maneno haya: "Baba, jana kala ugali mwenyewe."

Nilimkumbuka mwenzangu wa gololi pale Isevya. Mwaka alioumwa yeye, dawa ilikwisha kujulikana Kampala na Nairobi. Haikupata tarishi wa kuileta Tabora.

Hadi wiki ijayo, ndugu zangu, kwaherini.